Bahari Niliyoiwashia Jenereta

Nyumba yetu pale Garsen ilikuwa na vyumba vya kulala nyuma na hoteli mbele. Hoteli kwa maana yetu sisi: meza chache, mabenchi, na mke wangu jikoni. Mabasi ya Malindi yalisimama hapo asubuhi kungoja askari wa kuyasindikiza kwenda upande wa Lamu, kwa kuwa miaka ile ya mwisho wa tisini barabara ilikuwa na watu wenye bunduki. Abiria walikula, wakanywa chai, kisha wakakaa kutazama ukuta. Nilipowaona wanavyoutazama ukuta, nikaamua kwamba wanachokosa ni bahari. Walikuwa wametoka baharini na walikuwa wanakwenda baharini, lakini hilo halikunijia akilini.

Nilikuwa nimerudi kutoka Malindi, ambako nilikuwa fundi wa mabomba katika hoteli ya watalii. Watalii walipoadimika, hoteli ikapunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Ukumbini mwao kulikuwa na tangi kubwa la kioo lenye matumbawe hai na samaki wa rangi, na mimi ndiye niliyekuwa nikisafisha pampu zake. Walipoamua kulivunja niliomba vioo, nao wakanipa kwa furaha ya mtu anayeondolewa takataka bure. Nilifika Garsen juu ya lori, nimevikumbatia vioo kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali. Mke wangu, ambaye alikuwa ameiendesha hoteli yetu peke yake muda wote niliokuwa Malindi, alitoka na mwiko mkononi.

"Baba watoto, umeleta madirisha?"

"Bahari."

"Umeleta bahari Garsen," alisema, wala hakuwa anauliza. Akarudi jikoni kwa sababu wali ulikuwa unaungua.

Yeye alikuwa na mpango wake, mdogo na wenye akili. Alikuwa amenunua friza na jenereta kwa jasho lake, na alikuwa amekubaliana na watu wa kutengeneza barabara kuwapikia kila siku. Bila friza hakuna nyama, bila nyama hakuna makubaliano. Aliniruhusu kufunga waya wangu kwenye jenereta lake kwa sharti moja, akalisema huku kiganja chake kiko juu ya kifuniko cha friza.

"Hii isizimwe. Ukiizima hii, mimi siko hapa."

Nikasema haiwezekani izimwe. Nilikuwa nimesoma sekondari, fizikia niliijua.

Maji ya kwanza niliyafuata Kipini kwa sababu ni karibu. Nilijaza mitungi ya plastiki kwa bidii, nikayatazama yaliyomo, yana rangi ya chai ya maziwa. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alinitazama mpaka akachoka.

"Bwana, mai haya ni ya kwenu," alisema. "Yameletwa na mto wenu. Mwayatakiani tena?"

Kweli, Tana inamwaga tope lake lote pale. Nilikuwa nimesafiri kwenda kununua mto wetu wenyewe uliotiwa chumvi. Ikabidi makondakta wa mabasi waniletee maji safi kutoka Malindi, mitungi juu ya keria, ikidondokea magodoro ya watu. Matumbawe nayo nilimwagizia mtu ayavunje mwambani, na samaki awavue hapo hapo. Nasema nilimwagizia ayavunje. Kwa miaka mingi nilipokuwa nikisimulia habari hii nilikuwa nikisema "niliyapata."

Tangi la kwanza lilivuja. La pili nilililaza juu ya mbao za kitanda cha wageni, zikapinda. La tatu lilisimama juu ya matofali ya saruji, refu kama meza mbili zilizounganishwa, na ili lipate nafasi nikaondoa meza mbili. Abiria wakawa wanakula wamesimama, lakini wana cha kutazama.

Na lilikuwa zuri, siwezi kukana. Samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe walijificha ndani ya vidole laini vya viumbe ambavyo vilipepea kama vinapungia watu mkono. Kina mama wa kwenda Lamu waliinua watoto wao waone. Kijana mmoja wa Nairobi alisema ni kitu cha Ulaya, nami nikamwongezea chai bure. Mke wangu akaiandika chai hiyo usoni mwake.

Aliyekuwa hapendezwi ni mzee wa Kiorma aliyetuletea maziwa kila asubuhi kutoka kwa ng'ombe wake. Yeye samaki hali, na alilizunguka tangi mikono nyuma kama mnunuzi mnadani.

"Hii nakamua?"

"Hapana, mzee."

"Nachinja?"

"Hapana."

"Nauza?"

"Hapana. Ni ya kutazama."

Akamgeukia mke wangu. "Mama, hii si mifugo. Hii mgeni. Mgeni naingia, hapana toka."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kibuyu cha maziwa chini. Mimi nilijiambia kwamba hawa watu hawajaona dunia.

Fundi hawezi kuacha kitu kifanye kazi. Niliona mwangaza wa taa ndefu nyembamba nilizofunga kwanza hautoshi, nikafunga taa kubwa iliyokuwa ikimulika uwanja wa tenisi kule Malindi. Matumbawe yalifurahi, lakini maji yalipata moto, nikaongeza feni. Feni ilikausha maji, nikaongeza pipa la kujazia. Uchafu ulizidi, nikatengeneza bomba refu la kutoa povu: hewa inapita kwenye kipande cha mti, inatoka kwa mapovu madogo sana, na mapovu yanapanda na uchafu. Nilijaribu mbao za kila aina. Uliofaa kuliko yote ulikuwa mti wa mswaki, ule ule ambao watu husugulia meno, na kwa ugunduzi huo nilitembea Garsen kifua mbele wiki nzima. Baadaye nikaweka beseni la pili, ambalo halikuwa na pa kukaa isipokuwa jikoni, chini ya meza ya kukatia vitunguu.

"Baba watoto, bahari yako imefika kwenye miguu yangu."

"Ni ya kuchujia tu."

"Na mimi nitachujiwa wapi?"

Jenereta lilikuwa dogo. Taa ya tenisi ikiwaka, friza ilinguruma kama mzee mwenye pumu. Nikawa nazima friza kidogo mchana, mke wangu akienda sokoni, na kuiwasha kabla hajarudi. Alijua. Barafu haifichi siri.

Ndipo zikaja mvua za El Nino. Tana ilitoka kitandani mwake ikaingia katika vyetu. Mashamba ya kijiji cha Wema yalikuwa ziwa, barabara ya Malindi ikakatika, ya Kipini ikakatika, na Garsen tukabaki kisiwa. Wafanyakazi wa barabara walikwama pamoja nasi, na njaa yao. Hiyo ingekuwa neema kwa mke wangu, maana wao walikuwa wanakula kwake na yeye alikuwa amejaza friza nyama ya ng'ombe wawili waliochinjwa kabla hawajasombwa na maji. Mimi nilikuwa nimezungukwa na maji upande wote, na hakuna hata kikombe kimoja cha chumvi.

Petroli ikaanza kuisha. Ilikuwa ama friza ama tangi, na si jambo la kuficha mchana tena.

Mke wangu alikwenda kumsaidia jirani aliyeangukiwa na ukuta, akalala huko siku mbili. Aliniachia petroli iliyobaki na neno moja: "Friza." Niliwasha jenereta. Nikasimama mbele ya tangi. Wale viumbe walikuwa wamejikunja, samaki wanahema juu juu ya maji. Nikachomoa waya wa friza, nikasema moyoni kwamba nyama iliyoganda inavumilia, ni saa chache tu. Hizo saa chache nilizifanya siku nzima, kisha ya pili.

Aliporudi hakufungua friza. Alinusa mlangoni. Aliita wale wafanyakazi, akawaomba wamsaidie kubeba nyama kwenda kuizika, akawaambia wazi kwamba leo hakuna chakula, na kesho hakuna. Msimamizi wao akasema, "Basi, mama, tutapata kwingine." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yake yote, yameondoka na mtu aliyevaa viatu vya mpira.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Nilishasema. Mkono wangu ulikuwa juu ya friza."

Alifunga nguo zake, akaenda kwao Ngao kwa mtumbwi, amekaa wima mbele ya mpiga kafi, mwavuli juu, bila kugeuka. Mimi nilirudi ndani haraka kwa sababu pampu ilikuwa imeanza kukohoa. Katika yote niliyoyafanya, hilo la kurudi ndani haraka ndilo linaloniuma zaidi.

Siku chache baadaye tangi likapata ufa. Niliuziba kwa sabuni na lami, lakini maji mengi yalikuwa yamekwenda. Nilihitaji bahari, na kilichopatikana Garsen kilikuwa chumvi ya ng'ombe, ile ya mabonge anayolambisha mfugaji. Nikafikiri kisomi: chumvi ya mezani ni chumvi tu, hii ya ng'ombe ina madini, na bahari ina madini, basi hii ni ndugu ya bahari. Nikaiponda kwa mchi wa mke wangu, nikaikoroga kwenye maji ya mto niliyoyachuja kwa leso yake. Kipimo sikuwa nacho. Nilikumbuka kwamba yai huelea kwenye maji ya chumvi, nikachukua yai jikoni, nikawa naongeza chumvi mpaka yai likapanda na kuelea kama mheshimiwa. Nikayamimina, yai na yote.

Kufika jioni kila kilichokuwa kikipepea kilikuwa kimelala. Matumbawe yalitoa ute, yakawa meupe kama mifupa ya sokoni. Samaki wa machungwa walielea pamoja na yai. Miaka mingi baadaye nilikwenda Malindi na yai mfukoni, nikalitia baharini kwa siri. Lilizama hadi chini. Nilikuwa nimewatengenezea samaki wangu bahari ambayo haiko popote duniani.

Mzee wa Kiorma, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamepandishwa kwenye kilima kidogo nyuma ya nyumba yetu, alinikuta nikifungua bomba kumwaga ule mchanganyiko nje. Ng'ombe walisikia harufu. Walishuka wote, wakasukumana mlangoni kwangu, wakalamba tope mpaka likang'aa.

"Sasa bahari yako nafaa," akasema. Kisha akatazama jikoni, ambako hakukuwa na moto. "Mama wapi?"

"Ngao."

"Narudi?"

Nilifunga bomba. Akapiga kelele kuwaondoa ng'ombe, na kwa mara ya kwanza hakuongeza mzaha.

Maji yalipopungua nilikwenda Ngao kwa miguu, tope hadi magotini, nikiwa nimetayarisha hotuba. Mke wangu alinisikiliza akichambua mboga. Nilisema nimelivunja tangi. Akasema, "Limekufa, hukulivunja." Hotuba ikaishia hapo.

Barabara ilipofunguliwa alirudi Garsen, juu ya lori la wale wale wafanyakazi, na lori likasimama upande wa pili wa barabara, mbele ya chumba alichokuwa amekodi. Akavuka kuja kwangu, si kukaa. Alitaka friza na jenereta, na nilivibeba mwenyewe, nikisaidiwa na msimamizi mwenye viatu vya mpira.

"Umehama?" nilimwuliza.

"Nimevuka barabara."

Mabasi yalijua pa kusimama kabla sijajua mimi. Siku ya tatu au ya nne nilivaa shati safi, nikavuka, nikakaa kwenye benchi lake. Alikuja akifuta mikono.

"Mzee, wali nyama au wali maharagwe?"

"Mama watoto, nimekuja tuzungumze."

"Meza hizi ni za wanaokula."

"Basi wali nyama."

Akaitangaza nyama yangu jikoni kwa sauti ile ile aliyotumia kwa kila mtu. Niliila. Ilikuwa laini, imetiwa nazi, na niliitafuna polepole nikitumaini atapita tena upande wangu. Alipita, akachukua sahani, akanionyesha kwa kidevu abiria aliyekuwa amesimama nyuma yangu, ameshika glasi yake ya chai, anangoja kiti.