Mama Yetu Asivutwe

Wenzangu muliozaliwa miaka ya kwetu, mutakumbuka: siku zile televizio ilikuwa na mulango. Sanduku la mbao, milango miwili mbele, na ufunguo unalala kwenye mufuko wa mwenye nyumba. Kwetu mutaani Kataki mwenye ufunguo alikuwa Papa Kilolo, muntu wa njia ya reli. Ukitaka kuona, kwanza unachota maji unajaza pipa lake, unafagia kiwanja, halafu unakaa chini kwenye simenti, na asiyeoga anakaa nyuma. Antena ilifungwa juu ya mwanzi murefu. Mumoja wetu alikuwa akiugeuza kuelekea ziwa ili tudake matangazo ya Bujumbura, wengine tunamupigia kelele dirishani: bado, bado, hapo hapo, usipumue. Picha ilijaa mvua hata wakati wa kiangazi. Tukirudi nyumbani bugali imepoa na ndagala, dagaa wetu wa ziwa, zimekwisha, na Mama anasema, «Macho yameshiba, sasa yalazeni na tumbo.»

Mashine yenyewe ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Papa Kilolo akapata karatasi ya plastiki, akaitundika mbele ya kioo: juu buluu, katikati nyekundu, chini kijani. Basi kila aliyepita mule ndani, awe waziri, awe mucheza mupira, alikuwa na kichwa cha buluu na miguu ya majani. Tukaambiana hiyo njo televizio ya rangi. Tulijivuna nayo mpaka kwa watoto wa mutaa wa Lubuye.

Kwenye televizio hiyo njo tulipoangalia arusi ya yaya wangu Monika, dada yangu mukubwa. Mupiga picha alibeba kamera begani kama gunia la chumvi, na Mama alionekana akigawa chakula. Tuliiangalia mara moja, kaseti ikaenda Kabalo kwa shangazi aliyekosa arusi, tukaisahau.

Halafu vita ikaja. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la tano, lakini majina ya watu najua kuyaandika. Aliyewaleta wenye bunduki kwetu ni Dieudonné, mutoto wa Papa Kilolo, aliyekula kwenye chungu chetu tangu anatambaa. Walibeba vitanda, masufuria, mpaka mabati. Picha zetu za karatasi hazikuwa na kazi kwao. Dieudonné aliziwashia moto wa kuchemsha chai. Mama alikufa njiani tukikimbia. Wako wanaoniambia nisamehe, nisitaje jina. Mimi nataja. Maana aliniibia kitu ambacho hata yeye hakijui: kidogo kidogo uso wa Mama ukaanza kunitoka. Sauti yake nilibaki nayo. Uso nikiuita, unakuja wa yaya, au wa mimi mwenyewe kwenye kioo.

Sasa juzi shangazi katuma kaseti ile. Ilikuwa chini ya sanduku lake la nguo, imefungwa kwa kitambaa. Binti yangu Sifa ana televizio ya plasma, pana kama meza ya kulia, picha safi mpaka unaona vipele vya musoma habari. Lakini plasma haili kaseti. Tukaenda kwa Papa Ramazani, muzee anayeuza vitenge vya Kigoma, ambaye bado anayo video ya zamani, mashine ya kuchezea kaseti. Alikuja nayo mwenyewe, kaikumbatia, na akatuonya kwamba kaseti ya umri ule ni kama mugonjwa: ikikatika mule ndani, tumeshazika.

Nyuma ya plasma kuna matundu mengi kuliko nyumba ya panya. Sifa alitafuta waya wake wa kisasa, akaambiwa video ile haijui mambo hayo. Ina nyaya tatu tu, wa njano, mwekundu na mweupe. Akazichomeka kwa kupapasa, bila kuinama, jicho kwenye simu, njo vijana wetu wanavyofanya kila kitu. Mashine ikavuma. Mistari. Halafu watu wakatokea, weusi na weupe.

Yaya Monika na mimi tukashusha pumzi. Njo ilivyokuwa, tukasema. Papa Ramazani akakataa. «Vitenge vya arusi ile nilileta mimi,» akasema. «Nilileta rangi, sikuleta majivu.»

Yaya akamujibu kwamba macho yake yamezeeka, sisi tuliiona hivi hivi kwa Papa Kilolo. Halafu Yaya akaniangalia. Miaka yote tuliamini kaseti haina rangi, kumbe televizio ya Papa Kilolo njo haikuwa nayo. Sifa akainama sasa, akamulika nyuma kwa simu, akakuta waya wa njano umekaa kwenye tundu la kijani. Akauhamisha.

Kitenge cha Mama kikawaka. Njano ya mawese, na ndege wa buluu.

Lakini Mama alikuwa amenenepa kama gunia. Mashavu yamefika huku na huku. Yaya akacheka mpaka akashika mbavu: «Mama yetu hakushiba hivi hata siku moja.» Papa Ramazani akasema plasma inavuta picha ya zamani kwa upana ili ijaze kioo. Sifa akafungua menyu. Akabonyeza Zoom, kichwa cha Mama kikakatwa. Akabonyeza Dynamique, ngozi ikawa kama chungwa, na Sifa akasema hiyo njo nzuri, inang'aa. Nikamwambia bibi yake hakuwa chungwa. Akaweka Cinéma, ikatulia, weusi wa Mama ukarudi. Mwisho akaweka 4:3, kipimo cha televizio za zamani, na Mama akakusanyika, akawa mwembamba, zimebaki nafasi mbili nyeusi pembeni.

«Mama, televizio kubwa hivi, tuache pembeni nyeusi bure?» Sifa akaniuliza.

«Iache nyeusi,» nikasema. «Mama yangu asivutwe.»

Kaseti haikukatika. Mama aligawa bugali, akaikuta kamera usoni pake, akacheka na kufunika mudomo kwa kitenge, na pale pale nikamutambua: ana mwanya mbele, na jicho moja linafunga kabla ya lingine. Nilisikia kifua kikifunguka kama wakati unapotua musigo uliobebwa toka mbali. Yaya alikuwa analia, nami nilikuwa nacheka, na Papa Ramazani akajifanya anakagua video yake.

Watoto wetu wana picha nyingi mpaka wanazifuta ili simu ipate nafasi. Chakula wanakipiga picha kabla ya kukila. Siwalaumu, hakuna aliyewachomea. Sisi wa zamani tulikaa kwenye simenti tukagombania kioo kimoja chenye mvua, na hatukujua nani mule ndani tutakuja kumutafuta. Asubuhi yake nilikuwa bandarini napanga ndagala zangu za kuuza, nikafunga macho kidogo kwa sababu ya jua, na Mama akaja mwenyewe, na sura yake, bila kuitwa.