Ghorofa ya Tatu, Juu ya Kwetu

Nyumba ile niliipanga kwa ubishi. Dalali alinionyesha nyingine mbili, nzuri kuliko ile, moja ina jiko la kisasa na maji hayakatiki, nikazikataa zote. Nilitaka ile ya ghorofa ya tatu, hapa hapa Kariakoo, kwa sababu ghorofa lenyewe limejengwa kwenye kiwanja ilipokuwa nyumba ya bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Bibi alipofariki warithi walikuwa wengi na kila mmoja ana neno lake, mwisho ikauzwa. Mimi nilikuwa darasa la nne. Aliyenunua akabomoa, akapandisha ghorofa, na tangu siku hiyo mama yangu hakukanyaga tena mtaa ule. Akija sokoni alikuwa anazungukia Msimbazi, hata jua liwe la kupasua utosi, ili tu asipite pale.

Mimi nilitaka apite. Nilitaka apande ngazi, alale, aamke, azoee, abaki na mimi moja kwa moja. Alikuwa anaishi Buguruni na kaka yangu, na kila nikienda kumwona namkuta kazidi kuwa kimya, anaitikia shikamoo yangu kama mtu anayejibu akiwa chumba cha pili. Kaka aliposikia mpango wangu alicheka. Akasema nguo ya kuazima haisitiri matako, kulipa kodi hakuligeuzi ghorofa la watu kuwa kwenu. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mwenye nyumba alikuwa na sharti moja alilolirudia mpaka masikio yakaniuma: hakuna kupiga msumari ukutani. Basi kioo changu nikakiegemeza chini, saa ya ukutani ikakaa juu ya friji, na ile Ayatul Kursiy yenye fremu ya dhahabu ikasimama nyuma ya kochi. Nyumba nzima ilikuwa imeegemea kitu, kama wagonjwa kwenye benchi la hospitali. Majirani nao hawakuwa watu, walikuwa maboksi. Mkono wa kulia stoo ya viatu, mkono wa kushoto stoo ya mapazia. Mchana wapagazi wanapanda na kushuka na marobota yao, wanapiga kelele "mzigo, mzigo", jioni makufuli yanafungwa na ninabaki peke yangu na harufu ya viatu vipya.

Lakini alfajiri. Alfajiri, kabla sijafumbua macho vizuri, nilikuwa sijui niko ghorofa ya ngapi wala nina umri gani. Adhana ilikuja kutoka msikiti uleule wa zamani. Halafu magurudumu ya mikokoteni, halafu muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, halafu mtu anafagia, yule yule nadhani aliyekuwa anafagia nikiwa mtoto, ingawa najua haiwezekani. Nilikuwa nalala chali, natembea kwa mawazo kwenye nyumba iliyokuwa chini yangu. Hapa ukumbi, sakafu yake ya baridi. Hapa chumba cha bibi, chandarua kimefungwa fundo. Nilikuwa naelea juu ya nyumba ambayo haipo, na raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nikasema kila kitu changu nitakiweka juu kabisa ya pale kilipokuwa cha bibi. Kitanda changu juu ya kitanda cha bibi. Kinu na mbuzi ya nazi, nilivyovichukua kwa kaka kwa ugomvi, juu ya jiko lake. Asumini nikaipanda kwenye ndoo ya rangi, nikaiweka dirishani, juu ya asumini yake. Nilipanga kwa kumbukumbu za mtoto wa darasa la nne na nilijiamini kama fundi mkuu. Siku niliyotwanga bizari kwa mara ya kwanza, mwenye stoo ya chini alipanda kuuliza kama tunabomoa. Nikakunja blanketi nikaliweka chini ya kinu, nikaendelea.

Kumpata mama ilikuwa kazi nyingine. Nikamwalika chakula, akasema tumbo. Nikamwalika apumzike, akasema hajachoka. Mwisho nikamwambia nataka tumsomee bibi Yasini, pale pale alipoishi. Hilo hakuweza kulikataa.

Alikuja alasiri. Akapanda ngazi zote, akakaa pembeni ya kochi na baibui lake mwilini, mkoba mapajani, kama amekuja ofisini kwa mtu. Akatanguliza kuniambia kwamba kabla ya magharibi anaondoka. Nikachoma ubani, tukasoma, tukanyanyua mikono. Tulipomaliza nikamshika mkono nikampeleka chumbani, nikamwonyesha kitanda. Nikamwambia hapa ndipo chumba cha bibi kilipokuwa, chini kabisa ya hapa, na kuanzia leo ni chako.

Akauliza kibla kiko wapi. Nikamwonyesha. Akasogea dirishani, akachungulia nje, akageuka, akaangalia kitanda, akaangalia tena kibla. Akanieleza polepole kwamba bibi akiswali alikuwa anaelekea barazani, na kibla hakihami. Kilichohama ni mlango. Aliyenunua alinunua na kiwanja cha nyuma, akaviunganisha, akaligeuza ghorofa litazame mtaa wa pili. Mimi nimeingilia nyuma nikadhani ni mbele.

"Hapa ni uani, mwanangu," akasema. "Na kona hii ni chooni. Bibi yako umemlaza chooni."

Hakucheka. Mimi nilikaa juu ya kile kitanda nikalia kwa hasira, mtu mzima mwenye fremu yake ya duka la vitenge na wasaidizi wawili wanaoniogopa. Niliona kaka alisema kweli. Nimehamisha vinu na vitanda, nimegombana na watu, na chini yangu hakukuwa na chumba hata kimoja.

Aliniacha nilie. Nilipotoka nilimkuta ametandika mkeka sebuleni, amekaa chini, miguu ameinyoosha, baibui bado mwilini. Akaniambia kichwa changu ni aibu tupu, nilete kitana na mafuta. Nikaleta. Akanilaza kichwa mapajani kwake, uso juu, akaanza kunisuka, na alivuta vile vile kama zamani, bila huruma. Nikaangalia dari. Harufu ya ubani ilikuwa haijaisha, feni inazunguka taratibu, chini watu wanaitana bei, na usingizi ukawa unanijia na kuondoka.

"Mama alikuwa ananisukia huko chini, pale uani," akasema. "Kichwa mapajani kwake, hivi hivi. Anavuta, naumia, naogopa kulia, basi naangalia juu. Kuna kunguru na mawingu tu. Nikawa najiuliza huko juu kote wanakaa kina nani."

Vidole vyake vikasimama kichwani kwangu.

"Kumbe tulikuwa sisi."

Machozi yalinitoka yakaingia masikioni, na safari hii hayakuwa ya hasira. Adhana ya magharibi ikaanza, ikaisha, na yeye hakuutafuta mkoba wake. Aliinuka akishikilia goti, akalivua baibui, akalikung'uta, akabaki amesimama nalo mkononi, anazungusha macho kwenye kuta zangu nyeupe zisizo na kitu.

"Hili nalitundika wapi?"

Ningeweza kumwambia aliweke kwenye kochi. Nilimfikiria mwenye nyumba na sharti lake. Kisha nikafungua droo, nikatoa msumari uliokuja na kioo, nikachukua mchi wa kinu, nikasogeza kiti ukutani na kuupigilia, kichwa changu nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama.