Zege la Saa Saba Mchana

Ratemo alijifunza kuchanganya zege jangwani Misri, wakati wa vita, alipokuwa askari wa kikosi cha ujenzi. Huko hakuna aliyegusa saruji kabla kokoto hazijafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na maji kuwekwa kivulini. Alirudi na ujuzi huo kwao, karibu na Keroka, na mwaka 1951 akapata kibarua kwenye daraja dogo la barabara ya Kericho.

Mnyapara wa kazi, Manasseh, alikuwa mtu wa haraka. Januari ile jua lilikuwa kali. Kokoto zilichomwa na jua hadi hazishikiki, na maji yaliyokaa kwenye mapipa ya chuma yakawa moto kama ya kuoga. Saa saba mchana Manasseh akaamuru wachanganye.

"Bwana Manasseh," Ratemo akasema, "zege hili litashika kabla hatujalimwaga. Tungoje alfajiri, tuchote maji mapya mtoni."

"Unanifundisha kazi?"

Zege likaanza kukakamaa ndani ya makarai. Ili lilainike, Manasseh akaagiza liongezwe maji, ndoo juu ya ndoo. Ratemo alikataa kumwaga yake, akaambiwa akae kando. Hapo kando alijaza zege hilohilo kwenye kisanduku cha mbao, liwe tofali la kupimia. Kesho yake alfajiri akachanganya lake, vipimo vilevile vya mwanzo, ila kwa maji baridi ya mto na kokoto zilizolala kwenye umande, akajaza kisanduku cha pili.

Siku iliyofuata Manasseh aligonga matofali yote mawili kwa nyundo. Lile la mchana ndilo lililokuwa gumu zaidi. Akacheka mbele ya watu wote. Ratemo aliyabeba nyumbani akayahifadhi, kwani alijua kwamba zege la moto hukimbilia kukomaa, kisha nguvu zake huishia njiani.

Mwezi ukapita. Mbao za kushikilia zege zilipoondolewa, daraja likapasuka katikati. Injinia akaja, na Manasseh akamnyooshea Ratemo kidole. "Huyu ndiye aliyechanganya." Ratemo akafukuzwa papo hapo, bila kuulizwa hata neno moja.

"Sasa utakaa kimya?" mkewe, Kemuma, alimuuliza.

Hakukaa kimya. Alibeba matofali yake kwenye kikapu hadi kwenye hema la injinia, akayagonga mbele yake. La mchana lilimeguka kama ugali uliolala. La alfajiri lilirudisha nyundo. Injinia aliokota vipande, akauliza maswali mengi, akaandika yote kwenye daftari.

Wiki ileile ilitoka amri mpya: kuchanganya alfajiri tu, kokoto zifunikwe, maji yasikae juani. Karatasi ilipigiliwa kwenye nguzo ya kambi, na chini yake paliandikwa kwamba ni kwa ushauri wa mnyapara Manasseh. Ratemo aliisoma mara mbili. Hakuna aliyemwita kazini, wala aliyemwomba radhi.

"Sikutaka cheo," alimwambia Kemuma. "Nilitaka waandike ukweli."

Hakufanya tena kazi ya barabara. Alijenga matangi ya maji na ngazi za makanisa mpaka Ekerenyo, na hakuna hata kimoja kilichopasuka. Mtu akimuuliza kwa nini anaanza kazi kabla ya jua, alimsimulia kisa chote, na jina la Manasseh akalitaja wazi, sauti ikipanda, hata alipokuwa mzee wa mvi.