Yule Bibi wa Osaka na Maji Yake

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na wala haikunikuta hapa Garissa. Ilinikuta Osaka, mji mkubwa wa Japani, nikiwa peke yangu, nimepotea njia, viatu vinanibana na joto limenikaba. Nimesikia na wewe umepata nafasi ya kwenda kusoma nchi hiyo hiyo. Begi lako nimeliona limejaa biskuti na nguo za baridi, lakini kuna kitu kimoja mimi shangazi yako sijakutilia. Kaa hapa. Chai ikipoa tutaipasha.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa sayansi, na nilijiona najua. Nilichaguliwa kwenda Osaka kwa wiki chache, pamoja na walimu wa nchi nyingine, tujifunze mbinu mpya za kufundisha. Kabla ya safari nikaenda Griftu, kule Wajir, kumuaga babu yangu, Awowe Nur. Macho yake yalikuwa yameshazimika, lakini zamani alikuwa sahan. Ninyi wa leo mnatazama mvua kwenye simu. Zamani, kabla familia hazijahamisha ngamia, mtu mmoja alitangulia peke yake kutazama mvua imenyesha wapi, majani yakoje, kisimani kuna nani. Huyo ndiye sahan. Akirudi hakuwa na ruhusa ya kuongeza wala kupunguza, kwa kuwa watu na mifugo wangehama kwa neno lake, na neno la uongo lingewafikisha mahali pasipo na tone la maji. Awowe hakudanganya hata kwa mzaha. Harusini watu walimkwepa kidogo, maana ukimuuliza kama bibi harusi ni mzuri, alikujibu.

Siku ile alinishika mkono akaniambia, kwa Kisomali chake ambacho hapa nakitia Kiswahili, "Usiniletee kitambaa wala saa. Mimi huko sifiki, na hata ningefika nisingeona. Wewe ndiye sahan wangu. Niletee habari za wale watu."

Nikasema insha'Allah, haraka haraka, kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi.

Kutembea kwingi ni kuona mengi, na Osaka niliona. Siku ya mapumziko niliwaacha wenzangu wamelala nikatoka peke yangu. Nilishuka ngazi za treni nikakuta mji mwingine chini ya mji, una maduka, migahawa na watu wengi wanaokwenda mbio bila kugongana. Ndani ya treni palikuwa kimya hata nikadhani kuna aliyefiwa. Mimi nimezoea safari ambayo ukifika Wajir umeshajua ukoo wa jirani yako mpaka babu wa saba! Kando ya barabara kulikuwa na makabati yanayouza chai baridi ya kopo, hayana muuzaji wala mlinzi, na hakuna aliyeyavunja. Katikati ya mji ulipita mto mpana, na hakukuwa na mbuzi hata mmoja aliyeshuka kunywa. Nilisimama darajani nikawafikiria ngamia wa kwetu mpaka koo likanikauka. Adhuhuri niliswali kwenye pembe ya bustani, na mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake akamvuta akapita mbali, kwa adabu, kana kwamba ameambiwa.

Baada ya hapo nikapotea. Niliingia vichochoro vya nyumba ndogo za mbao, vyungu vya maua milangoni, nguo zimeanikwa juu. Joto la kule halikauki kama letu, linakugandama mwilini. Ndipo nikamwona bibi mmoja mfupi, amevaa aproni, ana ndoo na kata. Anachota maji, anayamwaga barabarani. Barabara yenyewe ya lami, safi, haina hata unyoya. Anachota tena, anamwaga tena.

Mwanangu, mimi utotoni nimelala kando ya kisima nikisubiri zamu yetu. Nilipoona yale maji yanatiririka lamini nilihisi hasira hasa. Nilisonya, tena kwa sauti. Yule bibi hakujua maana ya kusonya, akainama kunisalimu huku anatabasamu. Nikamtajia jina la kituo nilichokuwa nakitafuta. Akaweka kata ndani ya ndoo, akaingia ndani akatoka na mwavuli, akanitembeza mwenyewe hadi kituoni, mwavuli ameuinua juu ya kichwa changu na mgongo wake uko juani. Aliniacha kwenye ngazi akainama tena, na nilipogeuka nilimkuta bado ameinama.

Nilimuuliza yale maji ni ya nini? Hata kwa kuonyesha kidole? Sikumuuliza. Jibu nilikuwa nimeshajipa.

Niliporudi nilikwenda Griftu. Sijavua hata viatu, Awowe akasema, "Warran." Unajua kwetu salamu yenyewe ni kudai habari, na mtu aliyetoka safari haruhusiwi kujibu kwa neno moja. Nikaanza na treni, nikaja kwa mto, nikaja kwa makabati ya chai. Akanyoosha kiganja kunizuia.

"Vyuma nimesikia. Watu, Halima. Watu wakoje?"

Nikamweleza juu ya bibi wa ndoo. Akainamisha kichwa upande wangu kama alivyofanya kila alipopata jambo la kufikiri.

"Kwa nini anamwaga?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Lakini mwalimu amezoea kujibu, na mimi niliona haya kurudi kutoka Japani sina jibu. Nikasema, "Wana maji mengi, Awowe. Wanamwaga tu. Hawajui neema."

"Amekwambia mwenyewe?"

"Ndiyo," nikasema.

"Subhanallah," akasema Awowe, akatikisa kichwa kwa huzuni. Habari za mwavuli sikumpa. Zisingekaa vizuri na zile nilizokwisha kumpa.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingekuwa kimeshapona.

Miaka ikapita. Mchana mmoja wa kiangazi nilikuwa nimeketi kwa mama muuza chai pale karibu na soko la mifugo, hapa hapa Garissa, pamoja na madereva wa malori wa kutoka bara. Yule mama akachukua maji aliyooshea vikombe akaanza kuyanyunyiza mbele ya benchi zetu.

"Inueni miguu, wateja," akasema kwa lafudhi ya kwetu. "Fumbi ilale kwanza, na joto ibungue."

Nikainua miguu, nikaishusha. Ubaridi ukapanda kutoka chini ukanifika magotini, na papo hapo nikakumbuka kwamba katika kile kichochoro cha Osaka ubaridi huo huo ulinipanda miguuni, nami nikiwa nimeshughulika na hasira zangu. Nikayakumbuka na maji yenyewe. Hayakuwa maangavu. Yalikuwa na weupe weupe, kama maji yaliyokwisha kuosha mchele. Yule bibi alikuwa anawapoozea njia wapita njia, na mmoja wao nilikuwa mimi. Jambo lile nimeliona kwa mama zangu tangu sijaota meno, lakini kwa kuwa lilifanywa na mtu nisiyefanana naye, nikaliita upumbavu. Chai ile sikuimaliza.

Nikaapa kwenda Griftu kumweleza Awowe ukweli. Nikasema nitakwenda shule zikifungwa. Zikafungwa, nikapata semina Dadaab. Zikafungwa tena, nikasema jua ni kali. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu haikosi sababu. Husemwa majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe alikuwa mimi, na nilipofika Griftu nilikuta Awowe ameshazikwa.

Matangani alikuja mzee mwenzake kutoka Tarbaj, akakaa karibu nami anipe pole. Akaniambia, "Babu yako alitusimulia mengi kuhusu Wajapani. Ni watu wanaomwaga maji barabarani, hawajui neema. Mimi nilibisha. Akaniambia habari hiyo ameletewa na sahan wake, na sahan wake hasemi uongo."

Nikamwambia, "Mzee, haikuwa hivyo." Nikaanza kueleza. Akanitazama kwa masikitiko akaniuliza kama nimekuja matangani kumsahihisha marehemu. Mpaka leo Griftu ukiwataja Wajapani utasikia habari ya ndoo na kata, na mwenye kuaminiwa kwa habari hiyo ni Awowe, mtu ambaye maisha yake yote hakusema uongo.

Inaniuma, mwanangu. Babu nimemtia uongo mdomoni akafa nao. Na yule bibi nimemsingizia, naye alinifunika jua. Dini yetu inataka nimwendee nimwombe radhi, nami hata jina lake silijui. Kila asubuhi nikinyunyiza maji mbele ya mlango huu, namwombea.

Basi kitu ambacho sikukitia begini ni hiki. Ukifika usikimbilie kuelewa. Ukiona mtu anafanya jambo linalokuudhi, muulize, na lugha ikikushinda, simama karibu naye mpaka miguu yako ihisi. Ukirudi ukaulizwa usilolijua, sema sijui, neno hilo halijamuua mtu. Na uongo ukikuponyoka, urekebishe siku hiyo hiyo, aliyekuamini angali anasikia.

Nenda. Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na watu wa mwavuli, aulinde ulimi wako usiyatangulie macho. Akurudishe salama, na mimi unikute hai. Ukiingia mlango huu, kabla hujavua viatu, nitakwambia "Warran," na nitakaa nikusikilize mpaka mwisho, hata kama nusu yake itakuwa hujui.