Kawa Langu na Mke Mwenzangu

Ukindu, yale majani ya kusukia mikeka, ukichemshwa na rangi hutoa harufu ambayo sijui nimweleze vipi mtu asiyeijua: kama majani mabichi yaliyosahauliwa kwenye sufuria yenye kutu, halafu juu yake kitu kikali kinachopanda puani. Wiki iliyopita niliinusa nikiwa nimeketi barazani kwetu na simu mkononi, nikisubiri majibu ya usaili wa kazi, na tayari nikiwa nimejitungia sababu chungu nzima za kunyimwa. Jirani alikuwa akipika rangi ya zambarau. Mvuke ukaruka ua, ukanirudisha kwenye ukumbi wa mabati wa ofisi ya kata yetu, Kilwa Kivinje, siku ambayo kazi ya mikono yangu ilipimwa mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mtu wa kuwaza. Mtu akiniitikia salamu bila kutabasamu, nitashinda nikijiuliza nimemkosea nini. Sikufundishwa na mtu, nilizaliwa hivyo.

Bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwanahawa, ndiye aliyeshinda nami mama akiwa sokoni. Kama ilivyo kwetu kati ya bibi na mjukuu, tulikuwa watani. Babu akiniita "mke wangu mdogo", bibi alijifanya kununa, akaniita mke mwenza. "Mke mwenzangu, umeamka? Mume keshakunywa chai, na sehemu yako kaimaliza." Tuliishi hivyo, tukichambana kutwa, na hakuna aliyelala na kinyongo.

Bibi alikuwa katika kikundi cha sanaa cha mtaa. Wanawake walisuka ukili wakashona mikeka. Wanaume wachache, wengi wao Wamakonde walioteremka kutoka Newala, walichonga vinyago vya mpingo. Na kulikuwa na kijana mmoja aliyechora twiga tu, ingawa hatukuwahi kusikia amesafiri kwenda kokote penye twiga. Kila mwaka kikundi kiliandaa maonyesho, na kwenye kazi za ukindu nafasi ya kwanza ilikuwa ya bibi. Watu walishazoea. Ushindani wa kweli ulianzia nafasi ya pili.

Nilipokuwa darasa la tano nikatangaza kwamba nami nitapeleka kazi: kawa, kile kifuniko cha chakula chenye umbo la kofia iliyochongoka. Kawa husukwa kwanza kama ukili mrefu mwembamba, halafu ukili ule hushonwa kwa kuzungushwa, mzunguko juu ya mzunguko, kila mmoja mdogo kuliko ulio chini yake, mpaka ncha. Nilitaka la kwangu liwe na mstari mweusi unaopanda kutoka ukingoni hadi kileleni bila kupinda. Sikujua nimejitafutia mateso. Kwa kuwa kila mzunguko unapungua, ule weusi hauangukii pale ulipouacha. Lazima uwaze mapema, ukiwa bado unasuka, utakuja kukaa wapi. Basi nikawaza. Nilisuka, nikafumua, nikasuka tena. Wenzangu walinipitia twende tukacheze rede, nikasema nakuja, nisiende. Bibi alikuwa akipita na ukindu wake kwapani, anatazama, anacheka: "Mke mwenzangu ana jini. Anasuka mchana, jini linafumua jioni."

Siku ya maonyesho ukumbi ulinukia ukindu, vanishi ya vinyago na maandazi. Kazi zilipangwa juu ya meza bila majina, kila moja na kikaratasi cha namba, eti majaji wasijue ya nani. Waliotunga sheria hiyo walisahau kumweleza bibi.

Majaji walikuwa wawili. Mmoja ni Mzee Linus, mchongaji, ambaye mwaka huo hakushindanisha kinyago chake. Wa pili ni Mwalimu Deo, kijana wa sanaa aliyehamia sekondari yetu kutoka Bukoba, na hakuwa amemaliza hata muhula mmoja. Walipofika kwenye kawa langu, bibi akasimama nyuma yao, mikono kiunoni.

"Haya, tazameni aibu hiyo!" akasema, na ukumbi mzima ukageuka. "Hayo ni mapambo au siafu wamepanga mstari? Wamepanda mpaka juu, hata mmoja hajapotea njia!"

Watu wakacheka. Mimi nikatamani sakafu inimeze.

"Na mshono je? Toka asubuhi nautafuta siuoni. Mke mwenzangu kashona na nini huyu, na mate? Geuzeni na ndani muone. Ncha za ukindu hazipo! Kazila?"

Nilizoea utani wake, lakini wa nyumbani. Hapa palikuwa na watu mpaka wa kutoka Somanga. Machozi yakanijaa, na Mwalimu Deo akayaona.

"Bibi, shikamoo," akasema kwa upole.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba usimvunje moyo mtoto. Bado mdogo." Kisha akamgeukia Mzee Linus. "Mimi naona hili tulitoe kwenye shindano, si haki apambane na watu wazima. Tumpe peni na daftari, afurahi."

Mzee Linus akajikuna kidevu akatazama pembeni, kama mtu anayejua mvua inakuja na mwenzake kaanika nguo. Kicheko kikakatika. Bibi akaitoa mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa ya utani.

"Mwalimu, nani kakwambia umhurumie? Mwenzio kakesha na hilo. Mpimeni. Kama ni baya, semeni baya. Lakini mpimeni."

Mwalimu Deo akalitazama kawa, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, Bibi. Tunapima." Namsifu hadi leo, maana wapo wakubwa wangebishana.

Kazi ya ukindu kwetu hupimwa kwa jua. Mwalimu akalipeleka kawa mlangoni, akaliinua usawa wa jua, akaingiza uso ndani. Mshono ukilegea, mwanga hupenya kama nyota. Akakaa humo muda mrefu, watu wakaanza kuulizana kama kalala. Alipotoa kichwa akampa Mzee Linus. Mzee naye akachungulia. "Giza," akasema. "Giza tupu humu." Kisha Mwalimu akapitisha kidole kwenye mstari mweusi, polepole, kutoka ukingoni mpaka juu kabisa, na kidole hakikwenda kulia wala kushoto.

Alasiri wakatangaza. Kazi za ukindu, nafasi ya kwanza: kawa. Nafasi ya pili: mkeka wa Bibi Mwanahawa.

Kelele za vigelegele ziligonga mabati zikarudi. Zawadi ilikuwa doti ya kanga, nikajifunga pale pale, ikaburuzika chini, na sikujali. Mshereheshaji akataka bibi atangulie mbele kwa heshima ya umri. Bibi akakataa katakata. Akasimama nyuma yangu, nafasi ya pili, kidevu juu, akapaza sauti: "Nimeporwa jamani! Mume kachukua, na kanga kachukua!" Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nilidhani mambo yaliishia hapo. Lakini mjuavyo, mimi sikuishia. Kwanza niliamini bibi alinidhihaki kwa kweli. Nikiwa sekondari ndipo nikang'amua kwamba kwetu mtoto hasifiwi hadharani, kijicho kisije kikampata, na kwamba kila tusi lake lilikuwa linawaonyesha majaji mahali pa kutazama: mstari, mshono, ndani. Nikapumua. Kisha nikapata wasiwasi mpya: je, bibi alinipisha? Alilegeza mkeka wake makusudi ili nishinde? Nililibeba hilo mpaka chuoni, na kila niliposifiwa nilijiuliza nani kanipisha safari hii.

Basi siku ile ya wiki iliyopita, mvuke wa rangi ukiwa bado hewani, nikaingia ndani nikamuuliza. Ni mzee sana sasa, macho yake hayaoni vizuri, lakini masikio yapo.

"Bibi, mwaka ule wa kawa. Ulinipisha?"

Akajiinua kitandani kana kwamba nimemtukana. "Nikupishe wewe? Mke mwenza anapishwa wapi? Mkeka ule niliushona kwa roho yangu yote. Nilirudi hapa nikashindwa kula kwa hasira. Nimekusamehe majuzi tu, na wala si sana."

Nilicheka mpaka nikalia. Miaka yote nilitafuta huruma iliyofichwa ndani ya ushindi wangu, na haikuwamo. Mshonaji bora wa Kivinje alishindana nami kwa nguvu zake zote, akiwa amekataa nihurumiwe, akashindwa, na bado inamuuma.