Mwalimu wa Kuzamia wa Mgwashi

Kaka yangu Nassir hakai. Ukimpa kiti anakishika mgongo, anakizunguka, anakisogeza ukutani, halafu anatoka kwenda kuangalia kabichi alizotoka kuziangalia sasa hivi. Chai anainywa amesimama. Mimi Halima, mdogo wake, nimeshamwambia atanichakazia sakafu, naye hucheka tu na kuendelea kwenda na kurudi. Watoto wa hapa Mgwashi wanamwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki. Alikuwa akifundisha watu kuvuta hewa chini ya maji.

Ukitaka atulie kidogo, muulize habari za zamani. Hapo ataegemea mlango, na mikono yake itaanza kuongea kabla ya mdomo.

Alishuka mlimani mwanzoni mwa miaka ya tisini, akisindikiza lori la mapeasi kwenda Tanga. Lori likarudi, yeye hakurudi. Tulisikia kwamba amezamia, na mama akalia akidhani ameingia melini kwa siri kwenda Ulaya kama vijana wengine wa wakati ule. Kumbe alikuwa Pangani, kwa Mzungu mmoja mrefu aitwaye Rolf, aliyefungua kibanda cha kufundisha wageni kuzamia kwa starehe tu. Watu wa pale walimwona Rolf kichaa. Mtu anazama baharini, hatoi samaki, hatoi hata kombe, halafu anatoka na kulipa! Nassir aliajiriwa kuosha vifaa na kuhudumia kompresa, ile mashine ya kujaza mitungi hewa, nayo ilikuwa na hasira kuliko mimi.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vichache, vya kuazimana. Mapezi ya kuvaa miguuni yakichanika yalizibwa kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli. Vazi la mpira lilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye kitambi, kwa hiyo Nassir alijifunga kamba kiunoni lisimtoke. Na kuogelea alikuwa amejifunzia kule mtoni Soni, maji ya baridi ya kukata mifupa, unaingia na kutoka huku unapiga kelele. Wavuvi walimtania, "Msambaa na bahari wapi na wapi? Rudi ukapalilie viazi!" Hakurudi.

Rolf alipomwona hana papara akiwa majini, akamfanya mwalimu. Hilo linanishangaza mpaka leo. Mtu asiyeweza kumaliza kikombe cha chai amekaa, lakini chini ya maji alitulia tuli, na watu waliokuwa wakitetemeka kwa woga walimtazama yeye wakatulia pia. Aliwapigisha magoti kwenye mchanga, mahali maji yanapofika kifuani, akawafundisha jambo la kwanza: usizuie pumzi, hata iweje. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, ila kule chini hakuna lugha, ni mikono tu. Hata hiyo mikono ilimtia matatani. Mwanafunzi akifanya vizuri, Nassir alimnyooshea dole gumba kumpongeza, kumbe kwa wazamiaji dole gumba ni amri ya kupanda juu. Mama mmoja wa Kiholanzi alipongezwa na kupongezwa, kila mara akirudi zake botini, mpaka akamuuliza Rolf kama huyu mwalimu anamchukia.

Anasimulia haya akicheka mpaka machozi yanamtoka. Halafu ghafla anachukua jembe, anaondoka. Mimi najua amefika wapi kwenye hadithi.

Amefika kwenye sheria ile. Mtu akitoka kuzama, hatakiwi kupanda mlima mpaka siku nzima ipite. Hewa aliyoivuta kule chini imeingia kwenye damu, nayo inataka muda wa kutoka polepole. Ukipanda juu upesi, inafanya kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Nassir aliyaona kwa macho yake. Mwenzake Rubeni alitoka kilindini kwa haraka, na hadi leo anatembelea magongo. Kwa watu wa pwani sheria ya mlima haikuwa na kazi, maana mlimani wataendea nini? Kwetu sisi, mlimani ndiyo nyumbani.

Mama alifariki alfajiri, mwaka wa tisini na nane. Simu ya hotelini Pangani ilimkuta Nassir ndiyo kwanza anatoka majini na wanafunzi wake. Akadandia magari hadi Mombo, pale barabara inapoanza kupanda kuja kwetu, na hapo akabaki. Kaka yetu mkubwa, Ibrahimu, alichelewesha maziko hadi alasiri. Ndipo akaja mtu wa kijijini aliyeshuka basini, akasema amemwona Nassir Mombo, amekaa kwenye benchi, anakunywa maji. Ibrahimu akainuka, akasema maiti haisubiri, tukamzika mama.

Kesho yake Nassir alipofika, Ibrahimu alimwambia mbele ya watu wote wa matanga, "Sisi tulikuwa tunamzika mama, wewe ulikuwa Mombo unakunywa maji." Nassir akajaribu kueleza mambo ya hewa na damu. Nani angemwelewa? Ilisikika kama uongo wa mtu aliyekosa uongo wa maana.

Tangu hapo Nassir akisema "Shikamoo kaka," Ibrahimu anajibu "Marahaba," kisha anageukia kwingine. Miaka yote hiyo, marahaba tu. Hata Nassir aliporudi moja kwa moja, wageni walipokatika wakati wa korona, na shamba lake likapakana na la Ibrahimu, neno halikuongezeka. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba maneno kutoka nyumba hii kwenda ile, na nilikuwa nimechoka.

Mwaka huu Ibrahimu akaugua. Mwili ukajaa maji, pumzi ikawa ya kuomba, na madaktari wakatuambia turudi naye nyumbani. Ukishaambiwa hivyo, unaelewa. Alitaka kitu kimoja tu, kumwona Rahma, kitinda mimba wake. Na Rahma yuko wapi? Pangani, anafundisha watu kuzamia. Alikua akizisikiliza hadithi za baba yake mdogo pale mlangoni kwangu, kila Nassir alipokuja kutusalimia, na Ibrahimu alipokuja kumkataza, mtoto alikuwa ameshaondoka.

Nilimpigia simu asubuhi. Mchana akanipigia yeye.

"Shikamoo shangazi. Nimefika Mombo, natafuta gari la kupanda."

Nassir alikuwa uani kwa Ibrahimu, anatembea. Aliposikia Mombo akaninyang'anya simu.

"Rahma, umezama lini?"

"Leo asubuhi, baba mdogo. Shangazi amenikuta natoka majini na wageni."

"Usipande."

"Baba mdogo, baba anakufa!"

"Najua. Usipande. Unajua kwa nini, wewe mwenyewe unawafundisha watu."

Nikasikia mtoto analia. Nikamwambia Nassir, una wazimu wewe? Unataka na huyu asemwe kama ulivyosemwa? Aliuzunguka ua, akafika mlangoni, akarudi, akauzunguka tena. Halafu akaingia chumbani kwa Ibrahimu, nami nyuma yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Rahma yuko Mombo. Alizama asubuhi. Nimemzuia asipande mpaka kesho."

Ibrahimu alimtazama. Nilidhani atamfukuza.

"Akipanda?" akauliza.

"Anaweza kupooza. Anaweza kufa. Anaweza pia kufika salama, kaka, sikudanganyi. Lakini mimi sitamwambia apande."

"Mimi kesho sijui kama nipo."

"Najua."

Ibrahimu akavuta pumzi, ikachukua muda kurudi. "Basi nishusheni mimi," akasema.

Nikapiga kelele kwamba barabara ile itammaliza, kwamba kutoka hapa hadi Bumbuli ni mashimo matupu, kwamba hakuna mgonjwa anayebebwa hivyo.

"Halima, nyamaza," Ibrahimu akasema. "Unanipigia kelele tangu uzaliwe."

Tukampakia kwenye Probox ya jirani, kichwa chake kwenye mapaja ya Nassir, mimi mbele na dereva. Tulipoipita Soni na kona zikaanza, Ibrahimu akaongea, kwa Kisambaa, kwa sauti ndogo.

"Siku ile, pale Mombo, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naenda mpaka barabara inapoanza kupanda, narudi."

"Halafu?"

"Naenda tena. Mpaka kulipokucha."

Mimi niligeuka kutazama dirishani, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wanione. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Mombo kulikuwa na joto la kukausha mate. Rahma alikuja mbio, akaingia nyuma, akamkumbatia baba yake na kujificha shingoni mwake kama alivyokuwa akifanya utotoni. Waliyoongea ni yao. Niliwaacha, nikaenda kununua maji nisiyoyataka. Nassir alisimama kando ya gari, mkono juu ya paa.

Jioni ilipokaribia Ibrahimu alisema anataka kulala nyumbani kwake. Rahma hakushuka garini. Alijibana pembeni, akamshika baba yake mkono.

"Napanda naye. Liwalo na liwe."

Nassir alifungua mdomo, lakini Ibrahimu alimtangulia.

"Shuka."

"Baba..."

"Shuka, mwanangu. Utapanda kesho, baba yako mdogo atakapokwambia. Nikiwa hai utanikuta. Nikiwa nimekufa, hawatanizika mpaka uje unione. Halima, umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Rahma akashuka, uso umelowa, akafunga mlango kwa mikono miwili. Nassir akaingia upande wa pili, akakiinua kichwa cha kaka yake na kukilaza mapajani. Ibrahimu akamshika kifundo cha mkono.

"Wewe sikukusubiri," akamwambia.

Nassir akalia. Mtu mzima na mvi zake, kwa sauti, mbele ya wauza vitunguu na wapiga debe wa stendi. Ibrahimu hakumwachia mkono njia nzima ya kupanda.

Alifariki asubuhi iliyofuata. Wazee walikuja, wakaulizana habari za kaburi na sanda, wakakubaliana maziko yawe adhuhuri. Nikatoka nje nikawaambia wakae, tunamsubiri mtu.