Mgomba Uliovaa Ovaroli

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani, mtoto mgongoni, nikakuta wamejenga vibanda vya mabati pale bombani palipokuwa na migomba yetu. Hasira ikanipanda upya. Ngoja nikueleze.

Wewe uliyekulia Eastlands miaka ya tisini unajua. Maji ya kufulia yakitiririka mtaroni, omena, wale dagaa wa jirani, wakinukia hadi kwenye vitabu vyetu, akina mama wakibishana nani alitangulia kuweka mtungi. Baba aliipanda migomba kwenye maji hayo ya sabuni, watu wakamcheka kwamba ameleta shamba mjini. Alikuwa fundi wa ndege uwanjani Embakasi. Akirudi jioni ovaroli ilinuka mafuta, na sisi tukigombania kumvua viatu.

Nikiwa darasa la tatu, bosi wake alimwambia apande ndege iliyokuwa ikiondoka saa ileile, aende nayo kwa sababu injini ilikuwa ikisumbua. Hakukatiwa tikiti. Baba akamtuma dereva wa kazini aje amwambie Mama kwamba amepanda ndege hiyo, asimngoje kula. Ile ndege ikajibamiza mlimani, nchi ya mbali, kwenye theluji. Redio ikasoma majina ya waliokufa. La Baba halikuwemo.

Mama alinishika mkono tukaenda ofisini kwa waajiri wa Baba. Alitaka kitu kimoja tu: waseme mumewe amekufa. Bwana mmoja mwenye tai akapekua karatasi huku akinywa chai. "Mama, mume wako hakupanda ndege hii," akasema. "Hapa ameandikwa mtoro kazini." Bosi akakana. Dereva, yule aliyekuja mwenyewe mlangoni kwetu, akasema hakumbuki. Sijui watu hawa walilalaje.

Mtaani nako midomo haikufungwa. Jirani wa mlango wa pili, ambaye Baba alimtengenezea redio bure, alimwambia Mama palepale kwenye foleni ya maji, "Dada yangu, wanaume wa ndege wana bibi kila mji. Kula unyamaze." Shuleni wakaniuliza baba yangu ametoroka na nani. Nilimgonga mmoja na kikombe cha uji. Mwalimu akanichapa mimi.

Ndipo Nyanya, mamake Baba, akaja kutoka Magharibi. Kwao mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake. Hakumuuliza mtu ruhusa. Aliukata mgomba mnene kuliko yote, akaulaza chini, akakata kipande cha urefu wa mwanawe, akakivisha ovaroli ya Baba ya kubadilishia na kukifunga mkanda. Mchungaji wetu akakataa kuomba. Kanisa halimziki mtu aliye hai, alisema, na kampuni haijasema amekufa.

"Basi niletee huyo aliye hai," Nyanya akamwambia, "nimpikie."

Jirani wa mlango wa pili alikuwa ametoka kuja kucheka. Alipoiona ile ovaroli imelala, alivua leso aliyojifunga akaufunika mgomba, kisha akaketi chini akalia kuliko sisi. Sikumhurumia. Bado simhurumii.

Baba tulimzika nyumbani kwao Magharibi, bila mchungaji. Nikamuuliza Nyanya kama tutaumwagilia maji uchipue. Hakunigombeza. Alisema huu haupandwi, huu unazikwa, na sasa naruhusiwa kulia.

Mama hakupata cheti cha kifo. Alikufa akiwa, kwenye karatasi zao, mke wa mtoro. Nyanya naye hayupo, na jirani alihamia Tassia zamani. Ile kampuni ilifunga. Nilikwenda kuwatafuta mwaka nilipomaliza kidato cha nne, maneno yangu nimeyapanga tayari, nikakuta jengo limegeuka duka la mapazia. Msichana wa duka akaniuliza nataka rangi gani. Miaka yote hiyo nimeitunza hasira hii, na hata mlango wa kwenda kuugonga hawakuniachia.